Honi ya Pili Darajani

Mama yangu anaishi chini ya Tengeru, pale barabara ya vumbi inapokata reli, kabla tu ya daraja. Ukikaa mlangoni kwake treni huioni, migomba imeziba. Unaisikia tu. Sahani zinalia kabatini, kuku wanatawanyika, na kikombe cha chai ukikiacha ukingoni mwa meza shauri yako. Mimi nimekulia nyumba hiyo na hadi leo, nikiwa bibi wa watu huku Engutoto, sijawahi kuweka kikombe ukingoni mwa meza.

Baba alikuwa dereva wa treni. Watoto wengine walisubiri baba zao watoke shambani kwenye kahawa, sisi tulimsubiri wetu atoke Moshi. Na tulijua amefika kabla hatujamwona, kwa sababu ya honi.

"Ya kwanza ni ya kazi," Mama alizoea kutuambia. "Ya pili ni yangu."

Nieleze vizuri hapa, maana mambo yote yanaanzia hapo. Treni ikitoka Moshi inakuta kwanza kivuko, yaani pale barabara inapokata reli. Kila dereva anapokikaribia lazima apige honi ili watu na ng'ombe watoke njiani. Asipopiga ana kesi ya kujibu. Halafu inavuka barabara, inaingia darajani. Na hapo darajani, hakuna barabara wala ng'ombe, Baba alikuwa anapiga nyingine, ndefu, ya taratibu, kama mtu anayeita bila haraka. Madereva wenzake hawakuipiga. Mama akiisikia hiyo ya pili anainuka na kuinjika chungu cha ndizi. Mpaka Baba afike Arusha, akabidhi injini, anawe masizi, apate usafiri wa kumrudisha nyumbani, ndizi zimeiva.

Akiingia, Mama hamwambii pole wala karibu. Anamwekea sahani mbele na kusema, "Chakula kimepoa." Mvuke unapanda mpaka kwenye kenchi, watoto wote tunauona. Baba anajibu, "Ndivyo ninavyokipenda," anapeleka mkono, anaunguza ulimi, anatulia kimya kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama anageukia ukutani. Mimi nilidhani anaona aibu kwa kusema uongo. Nilikuwa mkubwa ndipo nikajua alikuwa anacheka.

Hayo ndiyo mapenzi niliyoyaona kwa wazazi wangu. Kushikana mikono sikuwaona, kuitana mpenzi sikuwasikia. Honi, chungu, na huo uongo wa chakula kilichopoa.

Baba akastaafu, na haukupita muda treni nazo zikastaafu. Majani yakaota relini. Watoto wakaugeuza mstari kuwa uwanja wa kukimbizana, akina mama wakawa wanapita darajani na mikungu yao kwenda sokoni bila hata kugeuka nyuma. Katika ukimya huohuo Baba akatutoka. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na Mama akaacha kuinjika chungu kikubwa. Kwa nini ainjike? Mlaji alikuwa mmoja, na mwenyewe anakula kama kifaranga.

Halafu, miaka hii ya karibuni, treni ya abiria ikarudi.

Siku hiyo Mama alinipigia simu asubuhi. Mama hapigi simu, simu kwake ni kitu cha kupokelea habari za misiba.

"Treni imepita," akasema.

"Nimesikia redioni, Mama. Imefika Arusha, watu wameijaza stesheni."

"Imepiga ya kwanza. Na ya pili."

Sikumwelewa. Nikamwambia labda ni mwangwi wa bondeni. Akaniambia nisimfanye mtoto, mwangwi anaujua, ameishi nao. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Nimejikuta nimeshainjika chungu. Ndizi zote. Hebu niambie, ni nani huyo anayepiga honi ya baba yako?"

Nilipofika kwake siku ile chungu kilikuwa kimejaa machalari ya ndizi na watoto wa jirani walikuwa wanajipakulia. Mama amekaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani. Hakuwa na huzuni, hakuwa na furaha. Alikuwa kama mtu aliyebishiwa hodi, kafungua mlango, kakuta hakuna mtu. Na kila siku ya treni ikawa hivyohivyo: honi ya kwanza, honi ya pili, chungu. Watoto wa jirani wakanenepa.

Kaka yangu mkubwa, anayeishi Elerai, ni mtu wa kunyoosha mambo. Alikuja Jumapili moja baada ya ibada, akakuta tunalizungumza hilo, akalimaliza kabla hajavua koti.

"Jamani, si sheria hiyo? Pale darajani kuna kibao kabisa, nimekiona. Kila dereva anapiga. Hata Baba alipiga kwa sababu ya kibao. Mama alidhani tu."

Natamani ningemtupia mto wa kochi. Mama alikuwa anamimina chai. Hakumwaga hata tone. Akasema, "Kumbe."

Basi. Hilo neno moja tu.

Siku ya treni iliyofuata niliamua kuwa pale. Honi ya kwanza ikalia, sahani zikatetemeka. Ya pili ikalia, ndefu, taratibu, mwili ukanisisimka kama nina miaka saba. Nikamtazama Mama. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Chungu kikubwa kilikuwa kimepinduliwa juu ya kichanja, kikavu. Mtu amepoteza mume, sawa, ndiyo dunia. Lakini sasa walikuwa wanamnyang'anya hata yale maisha aliyokwisha kuishi naye. Nililia chooni, nikanawa uso, nikatoka nimekasirika, na mimi nikikasirika huwa nafanya kazi vizuri.

Nikaamua nitajua honi ile ni ya nani.

Tatizo, utaanzaje? Utakwenda kwa watu na mvi zako useme natafuta honi ya baba yangu? Watakupa maji ya kunywa na kumpigia simu mwanao aje kukuchukua. Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa historia. Nikajisemea, nitasema naandika historia ya daraja na kivuko. Ukisema historia, Arusha nzima inakupa kiti.

Na kweli walinipa viti. Shida ikawa majibu. Kila niliyemuuliza daraja lile lilijengwa na nani alinijibu bila kupepesa macho, Mjerumani. Kwetu sisi kitu chochote cha mawe kilichokataa kuanguka ni cha Mjerumani. Kanisa, Mjerumani. Mfereji, Mjerumani. Kuna choo kimoja jirani na shule niliyofundisha kilijengwa na wazazi wa wanafunzi mbele ya macho yangu, na tayari kuna watu wanasema ni cha Mjerumani.

Mzee mmoja aliyekuwa wa gengi, wale waliokuwa wanakaza boliti na kubadilisha mataruma ya reli, ndiye aliyenipokea vizuri kuliko wote. Anakaa hapohapo upande wa juu wa kivuko. Alinitembeza mpaka darajani mwenyewe, fimbo mkononi, ananionyesha nguzo za mawe.

"Hii kazi ya Mjerumani, Mwalimu. Angalia jiwe hilo."

"Mzee wangu, Mjerumani aliishia Moshi. Vita vikamtoa. Kipande hiki cha kuja Arusha ni cha Mwingereza."

Akaligonga jiwe kwa fimbo, akafikiri. "Basi ni Mjerumani wa Kiingereza."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta wa daraja. Lakini kicheko kikanikatika, kwa maana palepale mbele yangu, kwenye mdomo wa daraja, kulikuwa na kipande cha reli kimesimikwa wima, na juu yake kibao cha bati. Rangi imetoka yote, kutu tupu. Kaka alikuwa amekiona kweli.

"Mzee, hiki kilikuwa cha nini?"

Akakitazama kwa muda mrefu. "Cha honi," akasema. Halafu, "Au cha mwendo. Kimoja kilikuwa cha honi, kingine cha mwendo. Sasa kipi kiko huku na kipi kiko kule kivukoni…" Akatikisa kichwa. "Sisi kazi yetu ilikuwa chini, Mwalimu. Vibao ni vya madereva."

Nikarudi kwa Mama nimenyong'onyea. Akaniuliza nimepata nini. Nikamweleza habari za Mjerumani wa Kiingereza, akatabasamu kidogo, akaendelea kumenya. Habari za kibao sikumwambia. Niliona bora nifike mwisho kwanza, hata kama mwisho wenyewe ni mchungu.

Mwisho wa reli ni stesheni ya Arusha, kwa hiyo nikaenda huko. Nilichagua siku ya treni, nikasubiri abiria washuke na mizigo yao, masanduku na magunia na watoto wenye usingizi. Dada wa tiketi alinisikiliza habari ya historia, akanipa kiti kama nilivyotegemea, akaenda kumwita dereva.

Alikuja mwanamume wa umri wa mwanangu wa kwanza, ana kofia ya kazini, macho mekundu ya safari. "Shikamoo, Mwalimu. Nimeambiwa unaandika habari za daraja letu la Tengeru."

Letu. Neno hilo lilinigusa, sijui kwa nini. Nikamwitikia, nikaanza na maswali ya mbali kidogo ya nguzo na kona, kama mtu anayemzunguka kuku kabla ya kumkamata. Halafu nikauliza. "Na kile kibao cha kutu, kwenye mdomo wa daraja?"

"Cha mwendo kile. Kinatwambia tupunguze. Cha honi kiko nyuma, kabla ya kivuko."

"Mna hakika?"

"Mwalimu, njia huwezi kuiendesha bila kufundishwa. Hata uwe dereva wa miaka mingi, ukiletwa kwenye mstari mpya lazima ukae na mtu anayeujua, akuonyeshe kila kibao na kila kona, mpaka uweze kupita umefumba macho. Hiki cha darajani ni cha mwendo."

"Lakini darajani mnapiga honi. Nimeisikia."

Akatazama pembeni, akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Hiyo haimo kwenye sheria," akasema. "Hiyo tunapiga kwa ajili ya mama."

"Mama gani?"

"Kuna mama alifariki pale darajani, zamani. Aligongwa, nadhani. Jina lake sisi hatulijui. Ila hatupiti pale kimya. Unapiga moja ndefu, unavua kofia, unapita. Ndivyo tulivyofundishwa."

Mimi nimezaliwa mita chache kutoka daraja lile. Ng'ombe wamegongwa pale, mbuzi, baiskeli ya mwalimu mkuu. Hakuna mama aliyewahi kugongwa.

"Aliyekufundisha ni nani?"

Alikuwa ni mzee mmoja mstaafu wa Moshi. Treni zilipokuwa zinarudi, vijana wa kuujua mstari huu hawakuwepo, kwa hiyo walimwomba huyo mzee apande nao awaonyeshe njia. Dereva akaona ninavyomkodolea macho, akatoa simu. "Ngoja nimpigie, yeye ndiye mwenye historia." Akaweka sauti kubwa, akailaza simu kwenye benchi katikati yetu.

Mzee wa Moshi alikuwa na sauti ya mtu anayependa kuulizwa. Alisalimia, akakohoa, akaanza.

"Mimi nilianza kama msaidizi, kijana mbichi kabisa. Bosi wangu alikuwa dereva mmoja Mmeru. Mtu wa watu, lakini maneno hana. Mnaweza kutoka Moshi mpaka Arusha akasema mara tatu, na mara mbili anasema 'mafuta'. Ana kipara, tangu ujana wake, kinang'aa. Sasa kila tukifika pale darajani, anapiga ndefu moja, anavua kofia, anaiweka kifuani, anatazama migombani. Mpaka tupite. Halafu anavaa, kazi inaendelea."

Baba yangu alikuwa amekaa kwenye lile benchi la stesheni, nakwambia, na kipara chake.

"Siku moja nikajitia ujasiri nikamuuliza, bosi, hapa kuna nini? Akakaa kimya mpaka nikajua hatajibu. Halafu akasema, 'Pale kuna mama.' Basi. Na uso wake ulikuwa namna ambayo sikuthubutu kuuliza tena. Nikaelewa. Mtu anavua kofia, anatazama mahali pasipo na mtu, unafikiri ni nini? Kuna marehemu pale. Siku hiyo hiyo na mimi nikaanza kuvua yangu. Na wote niliowafundisha nimewaambia, pale kuna mama, msipite kimya."

Dereva akaniuliza kama niko salama.

"Huyo mama hakufa," nikasema. "Ni mama yangu. Yuko nyumbani anamenya ndizi."

Kutoka Moshi tukasikia, "Unasema?"

Nikarudia. Nikaeleza kuhusu honi ya kwanza na ya pili na chungu. Yule mzee akaanza kucheka, kicheko cha kifuani chenye kikohozi ndani yake, halafu kikabadilika, na nikajua analia. "Mungu wangu," akawa anasema. "Miaka yote hii namvulia kofia marehemu, kumbe alikuwa anamsalimia mke wake. Kwa nini hakuniambia?"

Swali gani hilo? Mwanamume wa Kimeru wa enzi zile, amwambie kijana aliye chini yake kwamba anapiga honi ya serikali kumsalimia mke? Thubutu! Angekufa kwanza. "Pale kuna mama" ndiyo hotuba ndefu kuliko zote aliyowahi kuitoa kuhusu mke wake, na ilimgharimu.

Dereva alikuwa bado ameshika kofia. Alikuwa haniangalii. Nikamwambia, "Mwanangu, siku moja uje kumwona. Ukimaliza kazi, uje ule." Akaitikia kwa kichwa tu.

Nikatoka pale sioni ninapokanyaga. Nilimpigia kaka yangu nikiwa bado getini. Nikamwambia, ile sheria yako ya kibao, ichukue uipeleke Elerai ukaipande kama mchicha. Akauliza nina nini. Nikakata simu, ili na yeye apate cha kufikiria.

Kwa Mama nilifika mchana. Nilikuwa nimepanga nianzie wapi, lakini nilipomwona na yale maharage yake nikasema tu, "Mama, unajua kwamba umekufa?"

Akainua uso. "Nani kasema?"

"Madereva wa treni. Umegongwa darajani zamani sana. Wanakuomboleza mpaka leo."

Nikamweleza yote, mwanzo hadi mwisho. Nilipofika kwenye kofia akaweka ungo chini. Nikasimulia alivyoivua na kuiweka kifuani. Mama akaanza kutikisika mabega. Nikadhani nimemuumiza. Kumbe anacheka, jamani, anacheka mpaka anajishika mbavu, machozi yanamtoka, anapiga paja kwa kiganja.

"Kofia!" akasema alipopata pumzi. "Kofia nilimwambia mimi! Tulipooana nilikwenda kusimama migombani kumtazama anavyopita. Wote mle ndani wamevaa kofia, wote weusi kwa masizi, sikujua yupi ni wa kwangu. Jioni nikamwambia, leo nimemtazama mwanamume, sijui kama ni wewe. Akasema basi kesho nitavua kofia, utaniona kichwa." Akafuta macho kwa kanga. "Na kweli niliona. Kiling'aa kama sufuria mpya."

"Na yeye alikuwa anakuona?"

"Aa-aa. Mimi nilikuwa nyuma ya majani. Ningesimamaje wazi, watu waseme mke wa fulani anakimbilia treni kumtazama mumewe? Nilimwambia tu nitakuwepo." Kicheko kilikuwa kimeisha sasa. Alikuwa anatazama mikono yake. "Hakuniona hata siku moja. Alivua tu, akijua nipo."

Nilimshika mkono. Baadaye akasema, kama anayeongea na ungo, "Kwa hiyo ni ya kwangu."

"Ni ya kwako, Mama. Yote. Hata hizi za sasa."

Siku ya treni iliyofuata nilikuta ameshavaa. Kitenge cha Krismasi, kilemba, viatu vya kanisani. Nikamuuliza ibada ni ya nini, akaniambia nisimchoshe, nimpe mkono. "Leo sisimami migombani," akasema. "Wamenizika vya kutosha."

Tukasimama wazi, upande wa daraja, kwenye nyasi pale juu ya mteremko. Vijana wa bodaboda kivukoni wakamwamkia, wakamuuliza bibi anasafiri. Akawaambia yeye ndiye anayepokea. Honi ya kwanza ikalia, lori la mchanga likasimama, bodaboda zikasogea, reli ikaanza kutetemeka chini ya viatu vyetu. Injini ikakata barabara. Ikaingia darajani ikipunguza mwendo, kama kibao kinavyosema, na ndipo ikapiga ya pili.

Mama aliubana mkono wangu mpaka nikaumia. Dirishani alikuwa yule kijana wangu wa stesheni, kofia ameiweka kifuani, anatazama migombani kama alivyofundishwa. Halafu akatuona. Aliona kikongwe aliyevaa kitenge cha Krismasi, kainua mkono mmoja juu kabisa, wazi mbele ya watu wote. Kijana akasahau adabu zote. Akatoa mwili nje ya dirisha nusu nzima, akaipungia ile kofia, na akapiga ya tatu, fupifupi, ya fujo, mpaka abiria wakatoa vichwa madirishani.

"Huyo atafokewa," Mama akasema. Alikuwa analia na kucheka, na hakujificha. Treni ilipokwisha kupita aligeuka. "Haya, twende. Chungu kinasubiri."

Chungu kikubwa kiliteremshwa kutoka kwenye kichanja. Nilimenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Sikumuuliza anampikia nani, na nilihofia kumwambia kwamba kijana hakuahidi kitu.

Mchana, ndizi zimeshaiva, bodaboda ikasimama nje. Ni yule dereva, bado na nguo za kazi. Kofia mkononi, anatembea polepole kama mtu anayeingia msibani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Vaa kofia yako. Hapa kwangu mimi si marehemu."

Akaivaa haraka, amechanganyikiwa. Mama akamshika kiwiko, akamzungusha nyuma ya nyumba, mimi nikafuata. Kwenye migomba, ndani ya uzio wa masale, ndipo alipo Baba. Ukitulia pale unasikia maji ya mto chini ya daraja. Mama akaondoa jani lililoangukia saruji, akasimama wima.

"Huyu ndiye," akasema. "Sasa vua."

Kijana akavua. Akaiweka kifuani, akainamisha kichwa, na nikaona kabisa kwamba safari hii anajua anamvulia nani. Mama akamwacha, akarudi jikoni, nikamsikia anapakua.

Tulipoingia alimkalisha kwenye kiti cha Baba, kile ambacho hata kaka yangu hukwepa kukikalia. Akamwekea sahani mbele. Mvuke ukapanda.

"Chakula kimepoa," Mama akasema.

Sikuwa nimemsimulia hilo. Nilitaka kumwonya, nikajizuia. Kijana akatazama sahani, akamtazama Mama, na kwa heshima tu ya kutokumbishia mtu mzima akajibu, "Hakuna shida, mama. Mimi ndivyo ninavyokipenda."

Akachota ndizi akaitia mdomoni, akaungua, akanyamaza kimya, machozi yanamlengalenga. Mama akageukia ukutani.